Kuoshwa Miguu Alhamisi Kuu

Jumapili ya Matawi, 24 Machi 2024

Misa, chai, kuanua nguo. Mwenyekiti wa jumuiya kanifuata hadi kambani: nimo kati ya kumi na wawili watakaooshwa miguu na Padri Alhamisi Kuu. Nimefurahi kama mtoto. Halafu akaongeza tuisugue vizuri kabla ya kuja, tusimwaibishe Padri. Yaani tuoshwe tukiwa tumeshaoshwa.

Mkwe wangu Zuhura alisikia, akacheka. Sikucheka naye.

Jumatatu, 25 Machi

Mwanangu Daudi kapiga simu kutoka Kigoma alikohamishiwa kazi. Nimerudia nililomwambia: Pasaka ikiisha, mkewe arudi kwao Kondoa. Hajanikosea kitu. Ni Mwislamu, walioana bila baraka yangu, nikimwona tu nanuna. Ndiyo ukweli.

Jumatano, 27 Machi

Magaga ya mkulima wa zabibu si mchezo. Nimejaribu kuinama na jiwe la kusugulia, kiuno kimegoma. Nafikiria kumdanganya mwenyekiti kwamba naumwa. Kwenda na miguu hii mbele ya watu, hapana.

Alhamisi Kuu, 28 Machi

Saa tisa mchana Zuhura kaja na beseni la maji ya vuguvugu, kapiga magoti. Nikaficha miguu chini ya kiti. Nikamwambia aache, amefunga, atajichosha bure.

"Mama, sisi tunaosha miguu mara tano kwa siku. Hii miwili tu ndiyo initoe jasho?"

Ilimtoa jasho. Kasugua hadi maji yakawa rangi ya udongo. Midomo yake mikavu kwa swaumu. Nimeona aibu, aibu ya kweli.

Jioni Padri alinimiminia maji kidogo mguu wa kulia, akaufuta, akaubusu. Nikalia. Mwenyekiti akadhani ni ibada imenigusa. Miaka yote nilijua siku hii inatufundisha kuosha wengine. Kumbe kuoshwa ndiko kugumu.

Ijumaa Kuu, 29 Machi

Leo tumefunga wote wawili.

Baada ya Njia ya Msalaba nimemwomba Zuhura msamaha. Nimemwambia asiende, hapa ni kwake. Hakunikumbatia. Kasema, "Nimesikia, mama. Niache nifikirie." Ana haki.

Nimebandika uji wa futari, wa pilipili manga, kama anavyoupika yeye. Nasubiri adhana.