Kesi ya Wimbo huko Kirolirwe

Siku ya Posho, Jumamosi 9 Agosti

Nimeshinda! Naandika mara ya pili ili niamini: nimeshinda. Mimi na Bijou wangu, farasi mwenye tumbo kama ngoma. Madereva wengine wote wa mbio ya magari ya farasi ni wanaume.

Bijou hakuruka hata kidogo. Kwetu sheria kubwa njo hiyo: farasi anaenda troti, hatua fupi za haraka, na akiruka galop unarudishwa nyuma ya wote. Magari haya siku zingine yanabeba maziwa. Mwenye kuruka na maziwa anafika na povu tu. Mimi nilimuimbia Bijou kama kila asubuhi tukishuka na mitungi kwa watu wa fromage, wale wanatengeneza jibini — ule wimbo wa kupalilia maharage. Akiusikia, miguu yake inashika mupigo yenyewe.

Kwenye virage ya mwisho, pale njia inapinda, Papa Hakorimana alikuwa mbele yangu. Yeye njo bingwa wetu, mufugaji muzee, hakuna mwaka anakosa bendera ya ushindi. Halafu farasi wake, Reine, akaacha njia. Akakata upande wangu, gurudumu likapanda tuta, na Papa akaenda mu matope, kofia kwanza. Niligeuka. Nikaona amesimama, anapangusa uso, anagombeza matope. Basi nikaendelea. Ningefanya nini?

Michel alinibeba mbele ya watu wote, bwana yangu huyo hana haya. Anasema kwao Walikale farasi hayuko, iko miti tu, njo maana leo anashangilia kwa wilaya mbili. Na miti ya gari langu ni yeye aliikata kwao na kuichonga. Kwa hiyo anadai nusu ya ushindi. Nimemupa robo.

Zawadi ni mutamba mwekundu, ng'ombe ambaye bado hajazaa. Tumemuita Bahati. Amekula kamba ya kitenge changu.

Siku ya Yenga, 10 Agosti

Nimeshitakiwa!

Kisha misa Papa Jean-Bosco aliningojea inje. Yeye ni prezida wa komite ya nidhamu ya mbio, muganga wa zamani wa ng'ombe, muntu wa heshima mupaka anavua kofia kabla ya kukuambia mabaya. Akavua kofia. Papa Hakorimana analalamika kwamba nilivuruga farasi wake. Kwa fimbo? Hapana. Kwa gari? Hapana. Kwa sauti.

Niliomba arudilie. Kwa sauti, mama.

Sheria inasema dereva anaweza kusemesha farasi wake, lakini haruhusiwe kupiga, kuzuia ao kuvuruga farasi wa mwenzake. Wakiona nina kosa, mutamba anarudi na mimi nafungiwa musimu muzima. Nilitaka kucheka. Kufungiwa sababu ya soprano, hii sauti yangu ya juu!

Lakini Védaste, ambaye naye ni wa komite, alisema kwa nguvu, watu wakisikia, kwamba haya njo matunda ya kuandikisha wanamuke. Na Josiane wa Kingi alikuwa pale pale. Josiane ana farasi mudogo anamufundisha kukokota, aliniambia jana ataandikisha jina mwaka kesho. Alitazama chini, akaenda bila kuniaga.

Hiyo iliniuma. Mutamba ni mutamba. Lakini kama nikifungiwa, hakuna mwanamuke mwingine watakubali tena.

Siku ya pili ya juma, 12 Agosti

Kila mahali ni utani. Asubuhi kwenye njia ya maziwa wamama walikuwa mu shamba ya maharage, wakaniuliza kama nina ruhusa ya kupita na mudomo wazi. Halafu wakaimba wote pamoja, kwa makusudi, mulima muzima. Bijou akashika troti, nikashindwa kumuzuia kwa kucheka. Tumefika mbele ya wote na maziwa yote.

Michel hacheki sana. Anasema kwao kesi haianzie mbele ya waamuzi. Inaanzia kwa moto wa yule anakushitaki. Unaenda, na mukono wako hauko mutupu.

Siku ya tatu, 13 Agosti

Nimeenda kwa Papa Hakorimana, na kuku chini ya mukono.

Alinipokea vizuri, lazima niseme ukweli. Alinipa kiti, akanipa maziwa ya kuganda. Nyumba safi lakini baridi, kama nyumba ambayo muntu anafagia tu na hakai. Mukewe, Mama Joséphine-Marie, alikufa mwaka jana kabla ya Pasaka. Ni yeye aliongoza korali yetu ya wamama, na mimi nilisimama nyuma yake miaka mingi. Bado kitambaa chake cha korali kinaning'inia kwenye musumari.

Nilimwambia Papa sikuwa na mupango wowote mubaya juu ya Reine. Alitazama kikombe chake.

"Najua, mutoto wangu. Lakini alikuja kwako."

Ni hayo tu. Hakuondoa mashitaka. Kuku alikubali.

Kutoka, nilipita karibu na lupango ya farasi. Reine alikuja mupaka kwenye miti ya uzio, akanitazama, masikio mbele. Niliogopa hata kumusalimia. Hii sasa ni maisha gani — naogopa kusema "jambo" kwa farasi!

Siku ya Posho, 16 Agosti

Lazima niandike yote, hata mukono ukichoka.

Kesi ilifanyika mu hangari ya zamani ya maziwa. Walioweza kuingia waliingia, wengine walipanda madirisha. Papa Jean-Bosco alivaa kravati. Kuume kwake Védaste, kushoto Mama Élisabeth, katekista, ambaye hajawahi kunyanyua sauti na hakuna muntu amewahi kumukatiza.

Védaste njo aliniuliza kwanza. Kama niliimba. Nikasema ndiyo. Kama ilikuwa kwa nguvu. Nikasema soprano ya kimya mimi siijue. Watu wakacheka, Papa Jean-Bosco akagonga meza. Kama nilijua Reine atakuja kwangu. Nikasema hapana, na hiyo niliisema bila mchezo wowote, nikitazama Papa Hakorimana. Hakuinua macho. Michel alitaka kushuhudia upande wangu, wakamukatalia, bwana hashuhudie kwa bibi yake. Akakaa na kukunja mikono kama mutoto aliyenyimwa bugali.

Védaste akaeleza sheria vizuri, siwezi kusema alidanganya. Farasi alivurugika, dereva alianguka, sababu inajulikana. Leo ni wimbo, kesho mwingine atakuja na filimbi, kesho kutwa na tarumbeta. Niliona watu wanatikisa vichwa kwamba ni kweli. Nilitafuta Josiane kwa macho, nikamuona kwenye dirisha.

Hapo Mama Élisabeth akauliza swali moja, polepole. Siku ya mbio watu wanapiga kelele, wanapiga ngoma, wanapiga vigelegele, na Reine hapindui hata sikio. Kwa nini alifuata muntu mumoja? Akaomba farasi aletwe.

Walimuleta bila gari, kamba tu shingoni. Wakamusimamisha kule mulangoni, mimi mbele ya meza. Papa Jean-Bosco akaniambia niimbe. Nilianza chini, vibaya. Halafu sauti ikakuja yenyewe, mupaka kwenye beti ya pili, pale wimbo unashuka kama muntu anainama kung'oa jani.

Reine alinyang'anya kamba mu mukono wa aliyemushika. Akakuja katikati ya watu wote, bila haraka, bila kukanyaga muntu. Akaweka kichwa chake hapa, kwenye kifua changu. Akafunga macho.

Papa Hakorimana alisimama. Nilifikiri atasema: munaona, niliwaambia. Alivua kofia na kuishika kwa mikono miwili.

"Bibi yangu aliimba huo wimbo akikamua," alisema. "Reine alizaliwa mu ile sauti. Huyu mutoto aliujifunza kwake, anashuka pale pale bibi yangu alishuka. Farasi hakuvurugika. Alisikia muntu wake."

Papa Jean-Bosco akamuuliza, kwa upole sana, kwa nini basi alishitaki.

"Nilikasirika. Mimi ile sauti imeanza kunipotea. Na farasi anaikumbuka."

Kweli nilikuwa sijafikiri. Miaka yote hiyo nyuma ya Mama Joséphine-Marie mu korali, nikifuata pumzi yake hata mu wimbo huu wa maharage siku za mavuno, na sikujua kwamba nimebeba kitu cha watu. Nililia, na Reine akanipangusa na pua yake. Matokeo: kamasi ya farasi kwenye shemizi yangu, ile blauzi ya kesi.

Walienda pembeni kusemezana. Walirudi na maneno haya: dereva hana kosa. Hakuna kufungiwa! Lakini mbio yenyewe haikuwa sawa, basi itarudiliwa siku ya Posho inayokuja, na mutamba atangoja kwa Papa Jean-Bosco. Sawa. Naona ni haki. Bahati atakula kamba zake.

Védaste hakuchoka, akaomba angalau wimbo ukatazwe. Na hapo, nani alisimama kupinga? Papa Hakorimana! Akasema wakikataza wimbo, yeye haleti farasi. Wakaandika sheria mpya: kila dereva anaweza kuimba. Vigelegele, mabati ya hangari yakatetemeka. Josiane alianguka kutoka dirishani, kwa furaha, hakuumia.

Inje Papa aliningojea. Akaniomba kitu. Nimufundishe.

Siku ya kwanza, 18 Agosti

Michel anasema mimi njo muntu wa kwanza Kivu nzima kufundisha mushindani wake namna ya kumushinda. Nimemujibu kwamba robo yake nayo imerudi mezani.

Somo la kwanza. Papa anaimba kama mulango wa hangari. Hasikii tofauti ya juu na chini. Mimi naimba ligne moja ya wimbo, yeye anaifuata kama muntu anafuata mbuzi gizani. Reine alisikiliza kidogo, akageuka, akaenda kula majani mbali kabisa. Papa akanitazama. Nikajaribu kuwa mwalimu wa heshima. Nikashindwa. Tulicheka mupaka alishika uzio ili asianguke. Akasema hakucheka hivi tangu kabla ya maziko.

Halafu akanionyesha namna Mama Joséphine-Marie alikaa kukamua, kichwa kikiegemea tumbo ya ng'ombe. Sauti ilipita chini, ndani ya mbavu. Njo hapo nilielewa wimbo huu haukuwa wa korali kwake. Sisi mu korali tuliuinua juu sana.

Siku ya ine, 21 Agosti

Mvua ya kwanza. Njia inateleza, maziwa yamechelewa, nimelowa mupaka mufupa.

Somo chini ya banda. Nimemwambia Papa aache kunifuata mimi, aimbe kule chini, mahali bibi yake aliimba. Ilikuwa mbaya. Lakini ilikuwa mbaya namna ingine! Pale pa kushuka, alishuka. Reine aliacha kutafuna.

Wote wawili tulirudilia pale polepole, kama watu wameona ndege na hawataki aruke.

Nimemuambia Michel. Ameuliza: na wewe utashinda na nini? Nimepika sombe, majani ya muhogo, na samaki ya kukauka alileta kutoka Walikale, tumekula sana.

Siku ya Posho, 23 Agosti

Naandika nikikaa mu gari, kwenye mustari wa départ, pa kuanzia mbio. Daftari iko kwenye magoti, Bijou anatikisa kichwa, maandiko yanaruka. Lakini nikingoja jioni nitasahau hii.

Watu! Mulima umejaa mupaka juu. Wamama wa maharage wamekuja na vitenge vya rangi moja. Josiane amesimama karibu na kamba, na farasi wake mudogo, anamuonyesha mbio kama unavyoonyesha mutoto kanisa. Anasema hatangoje mwaka kesho, Papa Jean-Bosco amekwisha kuandika jina lake kwa mbio ya Noeli. Hata Védaste amemusaidia kurekebisha lijamu mu mudomo wa farasi.

Papa Hakorimana yuko kuume kwangu. Koti safi. Amenisalimia, ameuliza kama nimelala. Nimemuuliza vile vile. Hakuna aliyelala.

Sasa hivi amefunga macho. Anaanza.

Sauti yake ni ile ile, mulango wa hangari. Watu wa mbele wamegeuka, wengine wanashika midomo. Anaendelea. Nimetazama Reine. Masikio yake yalikuwa kwangu, nakubali, yalikuwa kwangu tangu tumefika. Papa amefika pale pa kushuka. Sikio moja limegeuka nyuma, kwake. Halafu la pili.

Ameona. Hakuacha kuimba, lakini uso wake wote umelowa na hajali.

Nimefurahi mupaka nimesahau kukaza kamba. Halafu mawazo yamekuja: Astrid, leo huyu muzee atakushinda, na ni wewe umemufanya. Na nimeona bado nafurahi! Hiyo sikuitegemea. Lakini mutamba namutaka, na bendera naitaka, na sitamupa hata hatua moja ya bure.

Papa Jean-Bosco anainua bendera. Michel anavuta daftari mu mikono yangu, anasema muntu gani huyu anaandika kwenye départ. Nafungua mudomo niimbe, lakini Papa ameanza mbele yangu, na miguu ya Bijou tayari imeshika mupigo wa sauti yake.