Kicheko cha Jumanne Asubuhi

Masasi, 14 Julai 2024

Kwako ndugu yangu Mudathiri,

Habari za huko Makote, na ukungu wenu wa asubuhi? Mama Rahima hajambo? Rahima je, darasa la pili analionaje? Sisi hapa wazima, ila Yoeli anaota meno, basi nyumba nzima haina raha. Mama Yoeli anawasalimu wote. Mama Mwanakombo umfikishie shikamoo yangu, mwambie mwanawe wa Masasi hajasahau futari yake, ingawa mfungo haukuwa wangu.

Bwana, simu yako vipi? Hii wiki ya tatu napiga haipatikani. Nilimuuliza Mohamedi, yule kondakta wa basi la Newala, akasema amekuona sokoni umebeba miche, mzima wa afya. Nikasema basi, huyu amerudi kutoka Ulaya na maringo, simu zetu wa Masasi hapokei tena. Ndiyo nimeshika kalamu kama babu zetu, Mohamedi akuletee barua mkononi.

Shida yangu ni moja. Nataka uje redioni, kwenye kipindi changu cha asubuhi. Mkulima wa Makote anaitwa Ulaya kuwaonyesha wakulima wenzake jinsi ya kubebesha miche ya mikorosho, kikonyo cha mti huu juu ya shina la ule! Hilo watu walisikie. Utuambie habari za ndege, baridi, chakula chao, usiache kitu. Nakupa saa nzima peke yako. Nauli juu yangu, na kuku yupo, utamchinja mwenyewe.

Nijibu upesi, usinitese.

Ndugu yako wa jando,
Dastani


Makote, 18 Julai 2024

Ndugu Dastani,

Barua yako Mohamedi ameikabidhi mkononi kama ulivyomwagiza. Nashukuru. Sisi wazima wa mwili, na Yoeli tunamwombea meno yatoke salama. Shikamoo yako nimeifikisha. Mama alitazama pembeni kwanza, kisha akasema marahaba.

Simu ninayo, ila sijaiwasha tangu nirudi. Sababu nitakueleza wakati wake ukifika. Kwa sasa tuandikiane hivi hivi.

Redioni sitaweza kuja, unisamehe. Lakini nina swali. Jumanne ile ya tarehe 2 mlizungumza juu ya mtu aliyeshushwa kwenye ndege, Mtanzania, anaitwa Sadallah. Nataka kujua wewe mwenyewe, ukiwa umetulia, unamwonaje mtu yule.

Ndugu yako,
Mudathiri


Masasi, 21 Julai 2024

Kwako Baba Rahima,

Salamu nyingi. Hapa hatujambo, jino moja limetoka, la pili liko njiani na kelele zake.

Ha! Kumbe na ninyi mlisikia! Ndugu yangu, tangu nianze utangazaji sijapata kupigiwa simu kama siku ile. Mimi niliona tu ile video iliyokuwa inazunguka, jamaa anaonekana kwa nyuma, kofia kichwani, anatolewa. Nikauliza wasikilizaji swali moja: umekaa zako kwenye ndege, jirani yako ana tasbihi, midomo inamcheza, anaitwa jina lake mara tatu haitiki. Utafunga mkanda au utatafuta mlango? Basi! Kuna mama wa Lisekese alisema yeye angeruka hata ndege ikiwa juu. Tukaweka na kile kicheko cha kwenye mashine, nikashindwa kujizuia nami nikacheka mpaka machozi. Siku hizi nikipita sokoni vijana wananiitia, "Sadallah, shuka!"

Nakujua, utasema Dastani anawasema Waislamu. Mimi? Mimi niliyelelewa kwenye sahani ya mama yako? Wewe ni Mwislamu wa kwetu, tunakujua ulikotoka. Hao wengine nani anawajua? Na sidhani kama wazungu wanamshusha mtu bure bure, nauli kalipa, kiti kakaa. Lipo walilokuwa wameliona.

Haya, acha mambo ya Sadallah. Unakuja lini?

Ndugu yako wa jando,
Dastani


Makote, 29 Julai 2024

Ndugu Dastani,

Salamu kwako na kwa Mama Yoeli. Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko ilivyostahili. Sasa nisikilize.

Sadallah ni mimi.

Wewe na mimi tulikutana likumbini, kwenye kambi ya jando, na kabla ya hapo hatukujuana. Jina nililoingia nalo mle hukulisikia, kama mimi nisivyolijua la kwako. Tulipotoka tulikuwa na majina mapya, yale ya zamani tukakatazwa kuyataja, na miaka thelathini na mbili imepita mtu hajaniita lile. Lakini nilikuwa nimeshaandikishwa darasa la kwanza kabla ya jando, na jina la vyeti ndilo lililoingia kwenye pasipoti. Hapa Makote wanaolijua ni mama na wazee wawili, na adabu inawazuia kulitamka.

Tulikuwa tumebadilisha ndege katika nchi ya watu, nimekaa kwenye kiti changu, mlango haujafungwa. Nilikuwa naogopa, Dastani. Ndege inanitisha. Nikatoa tasbihi nikaanza kusoma dua ya safari kimya kimya. Mwanamke aliyekaa pembeni yangu akanitazama, akainuka, akaenda kunong'ona na mhudumu. Jina likaitwa kwenye kipaza sauti. Mimi nikaendelea na dua. Likaitwa tena. Nikawaza, huyu mwenye jina mbona haitiki, anatuchelewesha wote. Mara ya tatu ndipo nilipokumbuka kwamba ni mimi. Niliposimama, watu wa nyuma walikuwa wameshainua simu wananipiga picha.

Wakaniweka chumbani wakaniuliza kwa nini siitiki jina langu. Nikasema ukweli, kwamba ni la utotoni, silitumii. Wakauliza kama ninalo lingine. Nikasema naitwa Mudathiri, na wengine huniita Baba Rahima. Wakaandika yote matatu, wakatazamana. Kadiri nilivyoeleza jando ni nini ndivyo walivyozidi kuandika. Wakachukua simu yangu wakaisoma mbele yangu, ujumbe mmoja baada ya mwingine, wakasikiliza hata sauti ya Rahima akiniomba viatu. Siku mbili. Hawakukuta kitu, na walisema wenyewe kwamba hawakukuta kitu. Kisha wakanirudisha nyumbani badala ya kunipeleka nilikokuwa nakwenda. Simu walinipa. Nikiishika naona kama kuna mtu ameinama nyuma ya bega langu anasoma.

Nimefika nikakuta lile jina limenitangulia. Hapa hawajui ni la nani. Niliwaambia mkutano uliahirishwa. Nakaa pale kwenye kahawa, watu wanamcheka Sadallah huku wananisogezea kikombe, nami nacheka nao. Nikiwa peke yangu bustanini, mchana kweupe, nabebesha miche, nasikia naitwa kutoka kwenye mikorosho. Inaita sauti ya kile kipaza sauti, na baada yake kinafuata kicheko chako. Mwanzoni niliweka kisu chini nikaenda kutazama. Sasa siendi tena, lakini bado naitwa.

Watoto wametunga mchezo. Mmoja anakaa kwenye gogo amevaa kofia ya karatasi, wengine wanapiga kelele, "Sadallah, shuka!" wanamburuta mpaka chini. Wiki iliyopita aliyekuwa ameshika mguu wa Sadallah ni Rahima wangu. Mama alikuwa uani anapepeta mtama. Jina lile alilichagua yeye. Aliacha ungo pale pale akaingia ndani, na tangu siku hiyo hatoki nje watoto wakiwapo, na chakula anakigusa tu. Kipindi chako hakuwa anakikosa. Alikuwa akituambia tunyamaze, mwanangu anaongea. Jumanne ile pia alitunyamazisha.

Sitaki uniombe radhi. Nataka kitu kimoja. Jumanne, saa ile ile, kwa mdomo wako ule ule, useme kwamba mtu yule hakuwa na kosa lolote na kwamba mlimcheka bure. Usiseme ni mimi. Nakuomba sana hapo. Dunia nzima imebaki Makote peke yake ambapo mimi bado ni Mudathiri.

Ndugu yako,
Mudathiri


Makote, 15 Agosti 2024

Ndugu Dastani,

Natumaini ninyi ni wazima na kimya chako si cha ugonjwa. Mohamedi anasema barua ya tarehe 29 alikupa wewe mwenyewe, ukaifungua umesimama pale stendi.

Nimewasha redio Jumanne tatu. Ya kwanza ulizungumza juu ya mvua. Ya pili mpira. Ya tatu alikuwapo mtu mwingine kwenye kiti chako.

Mama bado yuko ndani.

Mudathiri


Masasi, 21 Agosti 2024

Ndugu yangu, ndugu yangu Mudathiri,

Salamu sijui nizianzie wapi. Yoeli mzima. Mama yake hanisemeshi vizuri tangu alipoisoma barua yako, na ana haki.

Nilikuandikia barua nne nikachana zote. Niliona aibu, na niliogopa. Mkubwa wangu wa kazi aliniambia habari ile imeshapoa, nisiifukue. Nikaomba kanda ya siku ile nikaisikiliza peke yangu. Mudathiri, sikujua kama nacheka vile. Sasa naisikia hata nikiwa nanyoa ndevu. Umerudi mapema, simu umezima, swali umeniuliza waziwazi, na mimi nimekujibu kwa mizaha. Mtoto mdogo angeng'amua.

Jana nilisema. Sijui kama ulikuwa bado unasikiliza. Nilisema yule mtu hakuwa na kosa, tulimcheka bure, na mimi ndiye niliyeanza. Nilikusudia kuishia hapo, kama ulivyoniomba. Simu zikaanza. Wa kwanza akasema, wewe umejuaje? Wa pili akasema nimehongwa. Wa tatu akaita, "Sadallah, shuka!" na wote mle ndani wakacheka, hata fundi mitambo. Niliona kicheko kile kinaanza upya. Kilikuwa kinaanza upya mbele ya macho yangu, siku niliyokuja kukizima.

Nikasema, najua kwa sababu ni ndugu yangu. Tumetoka jando moja. Ni Mudathiri wa Makote, fundi wa mikorosho, na mama yake ndiye aliyenilea. Nikaeleza habari ya majina. Nikataja na la kwangu la utotoni, hewani, ili tuwe sawa.

Halafu akapiga mama mmoja analia. Na mwingine. Mpaka mwisho wa kipindi hakuna aliyecheka.

Najua uliniambia nisikutaje. Lakini bila mtu mwenyewe hawakuniamini. Nimekosea? Niandikie hata mstari mmoja. Nitukane, ila uniandikie.

Ndugu yako wa jando,
Dastani


Makote, 3 Septemba 2024

Dastani,

Sisi wazima. Rahima ana mafua kidogo. Msalimie Mama Yoeli, na mwambie nashukuru.

Tulikusikiliza. Nilimwita mama akaja akakaa mlangoni. Uliposema mtu yule hakuwa na kosa, alinishika mkono. Ungenyamaza hapo, leo ningekuwa nakuandikia barua nyingine.

Haikupita saa moja watu wakaanza kuja. Walikuja kwa wema, siwezi kuwasingizia. Wanawake walileta unga, wanaume wakatandika mikeka uani wakakaa kimya, kama wanavyokaa msibani, nami nimekaa katikati yao nikiwa hai. Mwenye kahawa alilia akaomba radhi. Nikawapa mkono wote. Kisha mmoja wao, mtu mwema kabisa, jirani yangu wa miaka yote, akaniuliza kwa upole: "Lakini hasa, Baba Rahima, kule ndegeni ulikuwa umefanya nini?" Na wale wengine wakainua vichwa wasikie jibu.

Tangu siku hiyo wananiuliza. Vijana niliokuwa nawafundisha kubebesha walikuwa kumi na wanane. Jumatatu walikuja watano. Hakuna aliyenitukana. Wakinikuta bustanini wanasalimia vizuri na kuwashika watoto wao mikono mpaka wapite. Mchezo wa gogo umekwisha, na Rahima ananitazama kwa pembeni kama mgeni aliyelala kwetu. Mama Rahima anasema itapita. Labda.

Unasema ulitaja na jina lako ili tuwe sawa. Nililisikia. Watu walitabasamu, wakasahau. Uko nalo hapo Masasi na hakuna atakayekushusha popote kwa ajili yake. Hatuko sawa, Dastani. Nakwambia bila hasira. Hapana, hasira ninayo. Ulikuwa na kitu changu kimoja tu mkononi, na nilikuomba.

Mama ameanza kutoka ndani. Jana alikula akamaliza. Anasema mwanawe alikosea, akasimama mbele ya watu akasema amekosea, na kwake imekwisha. Yeye amekusamehe. Mimi sijaweza, na sitaki kukudanganya.

Ameniagiza nikuandikie uje Jumapili hii, tarehe 8, mkitoka kanisani, uje na Mama Yoeli na mtoto. Kuku ameshamtenga. Anataka kumshika Yoeli.

Njoo, usimvunje moyo. Mimi nitaondoka asubuhi kwenda shamba, nitarudi mkishapanda basi.

Mwana wa Bi Mwanakombo,
Mudathiri