Bi Mwanahija Kanishitaki kwa Balozi

Bi Somoe mpendwa, assalaam alaykum, baada ya salamu nakuomba uniamulie, maana hata kupita njiani naona haya. Nilifanya arubaini ya kuzaliwa mjukuu wangu hapa nyumbani Dunda, tukasoma maulidi vizuri, watu wakala wakashiba, mara wakwe zangu wa Lugoba wakatoa ngoma zao, na mkwe haambiwi acha, basi zikalia mpaka nami, Mungu anisamehe, bega likatikisika. Asubuhi akaja Bwana Kitwana, balozi wetu wa nyumba kumi, amenuna, eti jirani yangu Bi Mwanahija amenishitaki kwa kelele. "Hili ni onyo, bibi. Ukirudia, ofisini hawakupi kibali cha shughuli tena." Na pilau yangu alikula, akaomba na ukoko!

Sasa Mfungo Mosi namwoza binti yangu Tatu, uani hapahapa, bila kibali itakuwaje? Na Bi Mwanahija tumekaa ukuta mmoja tangu ukoloni, hajapata kunilalamikia, wala sikumsahau: mguu unamsumbua, kwa hiyo sikumpa kazi, nilimtuma mwalishi amwalike kwa heshima, na chakula nikampelekea kimefunikwa kawa. Nilipomwendea kanijibu mlangoni, "Mimi mgeni tu, mwenzangu, mgeni hana neno." Nimemkosea nini?

Zaina, Bagamoyo

Bi Zaina, pole, ingawa nusu ya pole hiyo nampa Bi Mwanahija. Unasali, unafunga, haki ya mkwe unaijua, ya jirani ikakupita! Ngoma ngapi zimelia Dunda naye akalala zake? Jirani wa ukuta mmoja haalikwi. Huitwa aje achague mchele. Mwalishi ni wa watu wa mbali. Mguu unauma, na mikono je? Mchele huchaguliwa watu wamekaa kitako!

Usimtume mtu, wala usimnunulie kanga. Nenda mwenyewe, mwamkie, kaa jamvini, sema, "Dada, nimekosa. Harusi ya Tatu itanishinda, njoo unishikie jiko." Atakununia, vumilia, umestahili. Akilainika, nendeni pamoja kwa balozi, na kibali aombe yeye. Wakwe wakizidisha ngoma, yeye ndiye awanyamazishe, maana si wakwe zake.

Na uende leo, kabla gazeti hili halijafika Dunda. Akijua umenililia mimi kabla yake, hapo mimi simo.