Maombi kwa Seli Tasa

Jumatatu, 3 Machi 2025

Imekubali! Seli za kansa hutoa vifuko vidogo mno — eksosomu — na kuvituma kwa wenzao vikachochee fujo mwilini. Leo nimezipa dawa yangu ya kuzuia, vifuko karibu vyote vimekoma. CD63, protini inayovitambulisha, nayo imefifia. Kamati yangu ya doctorat, shahada ya uzamivu, ni tarehe 14. Dawa ikizuia katika majaribio matatu, bourse, ufadhili wangu wa masomo, inaendelea. Isipozuia, narudi Bukavu mikono mitupu.

Jumatano, 5 Machi

Nyumbani kwangu huku ughaibuni, mtaa wa Koekelberg. Nimemweleza Maman Lucienne, mwenye nyumba wangu, kiongozi wa wamama wa maombi. Nikajigamba: seli zangu hazitoi kitu! Akaweka mwiko chini.

"Hazizale? Na weye unafuraia, Rolande? Bon. Tutaziombea."

Nikadhani utani.

Jumapili, 9 Machi

Si utani! Kanisani Molenbeek wamama wameinua mikono: "Seli za mutoto wetu Rolande zizae, mu jina ya Yesu!" Vigelegele. Jémima, binti wa Maman, miaka yote ya ndoa bila mtoto, amelia kuliko wote — analilia seli za kansa! Nami nikasema amina. Ningefanyaje?

Jumanne, 11 Machi

Jaribio la pili: zimezaa. Maradufu kuliko zile zisizopewa dawa! CD63 kwenye kipimo nyeusi tii. Florent, msimamizi wangu, kauliza kama dawa iliganda chini ya chupa. Haikuganda. Kama nimebadilisha kitu? Hapana.

Jioni nikamsihi Maman aache. Akawaka moto! "Kuombea kitu kisizae? Ile ni kazi ya walozi, mutoto yangu!" Mwishowe kakubali kunyamaza tu.

Ijumaa, 14 Machi

Jana jaribio la tatu: dawa imezuia vizuri kabisa. Naandika chooni, kamati inajadiliana. Profesa Chloé wa kamati aliuliza nilibadilisha nini kati ya la pili na la tatu. Nikajibu: hakuna. Na kweli, maabarani hakuna! Naona haya, mimi mwanasayansi.

Florent kabisha mlango. Uamuzi: nirudie jaribio Jumatatu, mbele ya macho yao. Ndipo waamue.

Jumatatu! Siku hiyo wamama wanaanza wiki nzima ya kumwombea Jémima, pamoja na wote wasiozaa. Wote! Na seli zangu je?

Florent anauliza kama niko sawa. Niko sawa. Nampigia Maman Lucienne, nimwombe aahirishe maombi ya binti yake mwenyewe. Inaita. Heri asipokee.

Kapokea —