Karata Zinazopita Ukutani

Mama Byamungu, mpenzi uliyeondoka kabla ya mabishano yetu kuisha,

Usishituke kuona mwandiko wangu. Najua ulikuwa unasema naandika kama kuku anayetafuta mchwa, na shule yangu, unajua mwenyewe, iliishia pale mwalimu alipoanza kuchanganya herufi na hesabu. Lakini kuna jambo limetokea mu nyumba yetu hapa Kilibula, Uvira, na limenijaa kifuani hata nashindwa kukaa nalo peke yangu. Nilijaribu kumwambia padri. Akaniuliza kama siku hizi naanza kunywa asubuhi. Basi nimebaki na weye.

Tangu tulipokuzika, hakuna muntu anayeniita jina langu. Mu kartye, mtaani hapa, mimi ni muzee. Jirani yetu Mama Zawadi ananiita Papa Byamungu, kwa ile sauti yake ya kuomba chumvi. Jina nililopewa na baba yangu lilibaki kwenye kadi ya uchaguzi tu, na panya wameshaanza kuila. Weye ndiye ulikuwa unalitaja, tena si kila siku. Ulilitaja siku za kunipiga kwenye karata.

Unakumbuka ile vita ya kwanza, tulivyokimbilia Makobola kwa dada yako? Nyumba ilijaa watu kama gunia la ndagala, hakuna wa kwenda shamba, hakuna wa kutia mtumbwi ziwani. Dada yako akatoa karata za marehemu bwana wake. Saba ya karo, ile nyekundu ya almasi, ilikuwa imepotea, weye ukakata nyingine kutoka boksi la sabuni, ukaichora na makaa. Karata ile ilinuka sabuni. Kila muntu aliijua hata ikiwa imelala kifudifudi, kila muntu alijua nani ameishika, na bado ulinipiga! Mpaka leo sijaelewa. Minye naona mgongo wa karata yako, weye huoni kitu kwangu, halafu unamaliza mbele yangu na kuanza kujipepea na kikwembe, kitenge chako kile.

Mchezo wenyewe mtoto anaujua: fuata rangi au fuata namba, mbili inamlisha mwenzako karata mbili zaidi, nane inageuza rangi. Ukibaki na karata moja, sharti useme kwa sauti: «Karte!» Usiposema, unakula mbili. Siku ile hata kukohoa tulikuwa tunakohoa ndani ya shati, sababu wenye bunduki walikuwa wanapita barabarani. Weye ukabaki na moja. Ukapiga kelele «Karte!» hata mabibi wawili wakaingia chini ya kitanda. Dada yako akakufunga mdomo. Mimi, kwa hofu, nikashusha karata, nikabaki na moja bila kusema kitu. Ukautoa mkono wa dada yako polepole, ukaniangalia, ukasema: «Mugaza, chukua mbili. Vita haiko sababu.»

Nikachukua mbili.

Sasa sikiliza. Vita imerudi, safari hii imeshukia tambarare ya Ruzizi. Nadine wetu, muke wa mwanetu Byamungu, yule binti wa Katogota uliyempenda kuliko minye, amekuja kuishi hapa. Ulisema siku ya kwanza: huyu akicheka, mbuzi wa jirani wanaacha kula. Na ulipokuwa umelala kwenye godoro lile la mwisho, hukuniachia habari za shamba wala za nyumba. Ulisema: «Yule mutoto usimuache azimike.» Nilikujibu ndiyo, nikidhani ni homa inaongea.

Alifika hapa na sufuria kichwani na telefone ndani ya kikwembe. Mbio ziliwatenganisha njiani, yeye na Byamungu wetu. Sikudanganyi, hatujui aliko. Kama yuko huko kwenu, weye unajua kuliko minye. Kama hayuko, mwambie Mungu aendelee hivyo hivyo.

Na Nadine alikuwa amezimika. Si kwamba alikuwa bubu. Alikuwa na maneno matatu: ndiyo baba, hapana baba, asante baba. Anafagia ua, anapika, anafagia tena pale alipofagia. Mimi nikamtania, nikamwambia ugali wake umekauka hata unaweza kujengea kanisa. «Ndiyo, baba.» Mama, niliogopa. Niliona kama namwangalia muntu anazama mbele yangu, na minye niko nchi kavu na mikono mitupu.

Mchana mmoja alikuwa amekaa nyuma ya jikoni, kidole kinatembea kwenye telefone. Nikadhani amepata habari za bwana wake. Nikanyoosha shingo kama bata. Nikaona dame ya piki, malkia mweusi! Na valet, kijana wake, pembeni yake! Karata, Mama Byamungu, karata kamili, nyekundu na nyeusi, zimelala ndani ya kioo kama samaki ndani ya maji.

«Mwanangu, unacheza na nani?»

«Na telefone, baba.»

«Telefone inaiba?»

«Hapana, baba.»

«Basi hiyo haijui kucheza.»

Hakucheka. Lakini alisimamisha kidole, na ile ilinitosha. Nikamwambia anitilie mchezo huo kwenye telefone yangu, ile Byamungu aliyoninunulia, ambayo minye nilikuwa natumia taa yake kutafutia viatu. Unajua heshima ya kwetu: baba mukwe na muka mwana hawapeani kitu mkono kwa mkono, hawakai mukeka mmoja. Nikaiweka telefone juu ya kiti, nikarudi nyuma. Akaichukua, akaifinyafinya, akairudisha juu ya kiti. Kioo kikaniuliza jina. Nikaandika Mugaza, herufi moja moja. Ningeandika la nani?

Oh, nilivyojifunza kwa taabu! Kwanza nililamba kidole gumba kama tulivyozoea, ile karata ya karatasi isiteleze. Kioo kikapata mate, kikapata wazimu, kikatupa karata tatu zangu nzuri. Halafu nikabandika telefone kifuani, mashine isione mkono wangu, mpaka nikakumbuka ni mashine yenyewe iliyonigawia. Siku nilipopata nane, nikaipiga kofi kwa furaha, pah! juu ya meza, kama tunavyopiga sote toka Uvira mpaka Fizi. Ni kioo, mama. Kimebaki na mstari pembeni, usimwambie Byamungu.

Lakini lililonishinda kabisa lilikuwa lile neno. Nikibaki na karata moja, napaza sauti: «Karte!» Mu salon, sebuleni pale, peke yangu, mzee mzima. Mashine haina masikio. Yenyewe inataka ufinye kidude kidogo cha njano pembeni, pale ndipo inakubali kwamba umesema. Mimi nasema kwa mdomo, tena kwa nguvu, na yenyewe inanilisha mbili. Nikasema kwa nguvu zaidi. Ikanilisha mbili. Mama Zawadi akachungulia juu ya ua: «Papa Byamungu, unapigana na nani humo?» Nikamjibu: «Na kiziwi!»

Halafu Nadine akanionyesha maajabu. Siku hizo rezo, mtandao wa telefone, ilikuwa imekatika mji mzima, hakuna kuita, hakuna kuitwa. Akaweka tena telefone yangu juu ya kiti na kusema, na hii ndiyo ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote tangu afike: «Hii haitaki rezo, baba. Telefone zikikaribiana, zinaongea zenyewe.» Akaingia chumbani kwake, akafunga mlango. Mimi nikabaki salon. Katikati yetu ukuta, ule wa matofali ya kuchoma niliojenga mwenyewe, na weye ukasema umepinda. Karata yangu ikatoka chini ya kidole changu. Ikapotea. Na ya kwake ikaja! Nikasimama, nikaenda kuupapasa ule ukuta. Mzima. Hakuna tundu. Mama Byamungu, nimeona umeme ukifika Uvira na ukiondoka, nimeona ziwa likiingia mu nyumba za watu, lakini sikuwahi kuona kitu kama hiki: dame ya piki kupita ndani ya tofali bila kuchafuka gauni.

Tukaanza kucheza kila mchana, yeye kule, minye huku, heshima imekaa katikati mahali pake. Mama Zawadi akataka kuleta kesi. «Papa Byamungu, weye na muka mwana, karata?» Nikamwambia: «Ukuta uko, mama. Njoo uupime.» Hata mabomu yalipokuwa yanasikika toka upande wa tambarare, tulicheza. Nadine alinipiga bila huruma. Lakini kule ng'ambo ya ukuta hakukuwa na sauti. Karata zinakuja baridi, moja moja, kama matone. Nilijua mkono wake uko pale. Yeye mwenyewe sikujua aliko.

Mpaka juzi.

Juzi karata zilinipenda. Nikamlisha mbili, nikamgeuzia rangi, nikamlisha tena mbili. Nikabaki na mbili, yeye ana kama shamba zima. Nikashusha moja, nikabaki na moja. Sikuwahi kumshinda, elewa, hata siku moja! Nikaruka. Nikasimama katikati ya salon, mikono juu, nikapiga kelele zote nilizobaki nazo: «Kaaarte!» Nikaanza kucheza na kiuno changu hiki unachokijua. Na kidude cha njano kimekaa pale, hakuna aliyekifinya.

Ndipo ukuta ukapiga kelele:

«Mugaza! Finya! Finya, utakula mbili!»

Mama Byamungu.

Unajua desturi yetu. Muka mwana hataji jina la baba mukwe, hata nyumba ikiungua. Wengine hukwepa hata neno linalofanana nalo. Kumbe michana yote hiyo alikuwa anaona kwenye kioo chake, juu ya karata zangu: Mugaza, Mugaza, Mugaza. Macho yakazoea kabla ya ulimi. Na sauti ile, mama, haikuwa ya kumdharau muzee. Ilikuwa ya muntu ambaye moto umemrudia, amesahau kwamba anashindwa, anamwonya adui yake asiumie.

Sikufinya. Nilibaki nimesimama, mkono mmoja juu. Telefone ikangoja kidogo, ikanilisha mbili. Kule ng'ambo nikasikia kitu kimeanguka. Nikajua ameshika mdomo. Nikajua kwamba nikikaa kimya kama desturi inavyotaka, au nikikohoa kile kikohozi cha wazee, yule mtoto atarudi chini kule alikotoka, na safari hii kwa aibu, na sitampata tena.

Wakati ule jina langu lilikuwa bado linatembea mu salon. Sikuwa nimelisikia toka weye uondoke. Basi nikafanya kile nilichokuwa nafanya likitajwa.

Nikaitika. «Naam! Niko!»

Halafu kikaanza chini kama maji yanayochemka, halafu kikapanda, halafu kikapasuka: kile kicheko. Kile chenyewe. Sijui kama mbuzi wa jirani waliacha kula, maana sina ushahidi, vita imewamaliza. Lakini Mama Zawadi aliacha kutwanga.

Alicheka hadi kicheko kikageuka kilio, na mimi nikakaa chini, mgongo kwenye ukuta, upande wangu. Na yeye, kwa kusikia sauti yake, alikuwa amekaa upande wake. Akaanza kusema. Alinieleza njia yote toka Katogota. Walikuwa wameshatoka, mama. Byamungu alimpandishia sufuria kichwani, akamwambia: «Tangulia, minye nafungua mbuzi.» Akarudi. Mbuzi! Watu wanakimbia na roho zao, mutoto wako anarudi kufungua mbuzi wasiungue wakiwa wamefungwa. Hiyo huruma hakuitoa kwangu. Umemlea weye, ujibu weye.

Alisema mpaka jua likahama dirishani. Mimi nilikuwa naitika tu: naam, mama, ndiyo, mama, niko. Sasa maneno matatu yalikuwa kwangu.

Jioni, alipoleta chakula, hakuniangalia. Akasema: «Baba, mubadilishe lile jina kwenye telefone.» Nikamwambia sijui kulibadilisha. Kweli sijui. Tena sina haraka ya kujifunza. Mama Zawadi, ambaye kwenye vita hii masikio yake hayajapata jeraha, alikuja mbio: jina la muzee limetajwa, amende, faini yake, ni kuku! Kuku wa kutoka wapi, mama? Nikakata kesi mwenyewe. Nadine nimemtoza hivi: kila mchana atacheza na mimi, ukuta katikati, mpaka Byamungu aingie mlangoni na kuuliza nani amepasua kioo. Akasema: «Ndiyo, baba,» lakini mdomo ulikuwa unamcheza pembeni.

Ile ahadi niliyoitika nikidhani ni homa, ndiyo hiyo. Yule mutoto sikumuwasha minye. Nilimsikia tu akiwaka. Bado nikipita pale ukutani naugusa, kama watu wanavyogusa maji ya baraka kanisani.

Haya, pumzika. Ukikuta karata huko, usimwonee Petro wa mlangoni, ni mgeni kwa michezo yetu. Na kama mchana unasikia mzee akipiga kelele «Karte!» hapa Kilibula, usiseme nimerukwa na akili. Nimeshajifunza kufinya kidude cha njano. Lakini kwanza nasema kwa mdomo, polepole sijui, kwa nguvu ndiyo, maana kuna muntu upande wa pili.

Mume wako, aliyekula mbili na kushiba