Vipimo Arobaini na Viwili

9 Februari

Mpenzi Chiriku,

Marahaba, maana najua shikamoo yako iko njiani hata kama hujaiandika. Mimi ni mzima. Baridi ya huku imenipasua midomo, lakini mikono inafanya kazi, na kwa mtunzi hilo ndilo la kuulizwa kwanza. Wewe je? Mguu wa mama yako umepona?

Nina neno. Unajua kwamba miaka yote kumi na mmoja niliyokaa huku nimeishi kwa kufundisha piano watoto wa watu, na kutunga vipande vya wapigaji watatu, wanne. Sasa okestra kubwa ya mji huu imenipa nafasi: wapigaji themanini, kwaya, dakika ishirini na tano. Nimeandika mwaka mzima. Wiki iliyopita mwongozaji wao, mzee wa watu mwenye kifimbo kirefu kuliko subira yake, aliniita ofisini akafungua ukurasa wa sitini na moja. "Hapa," akasema, "hapaimbiki."

Ni pale ambapo vyombo vyote vinanyamaza na wanawake kumi na wawili wanabaki peke yao, wanaimba "a" moja kwa sauti ndogo sana, vipimo arobaini na viwili bila kukatika. Nikamwambia watapokezana pumzi. Akasema hilo wanalijua. Wakiwa sitini, mmoja akivuta pumzi hakuna anayejua, lakini wakiwa kumi na wawili panabaki pengo kama jino lililong'oka. "Binadamu ana mapafu mawili tu, dada. Kata nusu, tuipige. Usipokata, nafasi nampa mwingine." Amenipa hadi mwisho wa Mei.

Sitaki kukata. Lakini pia sijui kama amekosea. Nimekuwekea nakala ya ukurasa huo. Jaribuni na wenzako wa kwaya ya shule. Nataka kujua ukweli, sitaki kufurahishwa.

Mama yako mdogo

27 Februari

Shikamoo Mama mdogo,

Barua yako ilifika Jumatatu wakati wa chai, nikaisoma nimesimama. Mimi sijambo. Mama sasa anatembea bila fimbo, na anasema ukikonda huko usimlaumu yeye. Nilimweleza habari ya mwongozaji. Alifikiri, akasema, "Mwambie aweke mapumziko katikati kama watu wote, apigiwe muziki wake, aje nyumbani tumwone." Nimeyaandika kwa sababu aliniagiza. Mimi sikubaliani naye.

Kwaya tuko thelathini na wanne, lakini mwalimu wa kwaya amesema nichague kumi na wawili kama ulivyoandika, tusidanganye. Ameniachia niongoze, kwa kuwa barua ni yangu. Tatizo ni kwamba sisi tunasoma kwa herufi za do re mi, na wewe umeandika noti za mistari mitano. Anayeziweza ni mimi peke yangu, tena kwa yale uliyonifundisha kwenye barua. Nimekaa maktaba siku nne nikizigeuza. Umeandika mapigo arobaini kwa dakika, kwa hiyo nimeazima saa ya mwalimu wa hesabu: pigo moja kila sekunde moja na nusu, mapigo manne kila kipimo.

Jana tulijaribu mara ya kwanza. Hatukufika kipimo cha kumi. Wote tulivuta pumzi mahali pamoja, kwa kishindo, kama watu waliomwagiwa maji. Ngurumo, rafiki yangu mwenye sauti nzito kuliko wasichana wote, akauliza, "Huyu mama yako mdogo ana ugomvi na nani, na sisi tumeingiaje?" Tulicheka mpaka tukafukuzwa darasani. Kesho tunajaribu tena.

Mwanao,
Chiriku

25 Machi

Shikamoo Mama mdogo,

Natumaini midomo imepona na mikono haijambo. Huku sote wazima. Usihangaike kujibu, wewe tunga. Hii ni taarifa tu.

Tunafanya mazoezi kila siku baada ya vipindi, kwenye chumba cha maabara. Nimekichagua kwa sababu hakina mwangwi, hata pengo dogo linasikika. Kwanza nilimpa kila mtu namba ya kipimo chake cha kuvuta pumzi. Haikufaa. Kila mmoja alikuwa anahesabu badala ya kuimba, nyuso kama za chumba cha mtihani. Wawili waliacha, nikatafuta wengine.

Kisha niligundua jambo. Kuna msichana mdogo wa kidato cha pili tunayemwita Kijiti. Ana pumu, na karibu nimtoe. Lakini alikuwa anasimama na Ngurumo, na upande wao haukuwahi kutoboka hata mara moja. Nikawauliza mnafanyaje. Wakatazamana kama wezi.

"Namfinya kidole," Kijiti akasema.

"Kwa nini?"

"Nikikaribia kuishiwa namfinya, yeye anaongeza sauti kidogo kabla sijaondoka. Nikirudi namfinya tena, anapunguza."

"Nani kawafundisha?"

"Hakuna. Dada, mimi pumzi zangu nazijua. Nisingesubiri mpaka zikatike."

"Na mimi kidole changu kinauma," Ngurumo akasema, "kwa taarifa yako."

Sasa tuko jozi sita, mikono nyuma ya sketi. Nimeweka sheria moja tu: hakuna kuvuta pumzi mwanzo wa kipimo wala mwisho wake, maana hapo ndipo kila mtu anapotamani. Jana tulifika thelathini na moja.

Mwanao,
Chiriku

18 Aprili

Shikamoo Mama mdogo,

U hali gani? Sisi wazima, ila vidole vimevimba.

Tumefika mwisho. Tumefika mara tatu mfululizo, na mara ya tatu mwalimu wa kwaya alirekodi kwa simu yake. Flashi imo ndani ya bahasha hii, nimeifunga kwenye leso isivunjike. Ni dakika nne na sekunde kumi na mbili. Mlango unaosikika mwanzoni ni wa mwalimu wa kemia.

Ulitaka ukweli. Ukweli ni kwamba ni vigumu kuliko kitu chochote tulichowahi kufanya, na inawezekana.

Mwanao,
Chiriku

6 Mei

Mwanangu,

Sijui nianze na kucheka au na kulia, basi naanza na salamu. Marahaba. Nisalimie mama yako, na huyo Kijiti, na vidole vya Ngurumo.

Nilipoiweka flashi nilidhani kompyuta yangu imeharibika. Nikaizima, nikaiwasha, nikasikiliza upya. Ndipo nikachukua karatasi zangu. Chiriku, ile C ya kuonyesha mapigo, mwanzoni mwa mstari, ina kijistari kilichoipita katikati. Maana yake kila kipimo kina mapigo mawili, si manne. Najua ulivyofikiri: uchafu wa mashine ya fotokopi. Nilichoandika mimi kinachukua dakika mbili na sekunde sita. Ninyi mmekiimba mara mbili ya hapo.

Mwongozaji kasema dakika mbili haziwezekani. Wasichana wa shule wameimba nne, na mmoja ana pumu!

Sasa sikia. Nimesikiliza mara tisa. Polepole ndiyo sahihi. Kwa mwendo wangu ilikuwa nzuri. Kwa mwendo wenu inafika mahali, kama kipimo cha thelathini hivi, msikilizaji anaacha kusubiri iishe. Mwaka mzima nimelitafuta jambo hilo, kumbe nilikuwa nalikimbia. Nimefuta kijistari. Niliambiwa nipunguze nusu, nami nimeongeza maradufu. Alhamisi nakwenda ofisini kwake na flashi yenu. Huenda nikatoka mikono mitupu. Lakini kukata, sikati.

Nichoree mlivyosimama: nani na nani, na mkono upi. Na usiniombe radhi. Ukiniomba radhi nitakasirika.

Mama yako mdogo

21 Mei

Shikamoo Mama mdogo,

Habari za kazi? Siombi, kwa sababu umenikataza. Lakini niliposoma barua yako nilikwenda kukaa nyuma ya maktaba mpaka masikio yalipoacha kuwaka. Kisha nikawaambia wenzangu. Ngurumo alisema, "Yaani tumeteswa mara mbili ya mateso yaliyoandikwa?" Tukajaribu mwendo wako wa kwanza ili tujue. Ilikwenda upesi, bila taabu. Tulipomaliza Kijiti akauliza, "Imekwisha?" Hakuna aliyetaka iwe imekwisha.

Mama alikuja siku ya wazazi. Mwalimu alimpigia ile rekodi. Alisikiliza akiwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, hakukaa. Kisha akasema, "Mwambie asiweke mapumziko."

Mchoro ni huu. Duara ni mwenye pumzi ndefu, kitone ni mwenye pumzi fupi. Wanashikana mkono wa kushoto kwa wa kulia, kidole kidogo. Uwe na moyo, Mama mdogo. Alhamisi yako imeshapita ninapoandika, lakini naandika hivyo hivyo.

Mwanao,
Chiriku

2 Agosti

Shikamoo Mama mdogo,

Natumaini barua hii inakukuta salama, popote ulipo katika jambo hili.

Sijapata neno tangu Mei. Mama anasema ukiwa kimya una kazi. Mwalimu wa kwaya anasema ni posta. Ngurumo anasema umefukuzwa, ila alisema kwa huruma. Kama nafasi amepewa mwingine, niambie tu. Naweza kulibeba. Lisilobebeka ni kutojua.

Tunaendelea kuimba kila Ijumaa. Hakuna aliyetuagiza.

Mwanao,
Chiriku

14 Septemba

Mwanangu Chiriku,

Marahaba, na mara mia. Mimi mzima. Nimekukosea kwa kukaa kimya, lakini kila siku nilikuwa na habari nusu, na habari nusu sikutaka kukupa.

Alhamisi ile mwongozaji alisikiliza yote. Akasema, "Hao ni wasichana, mapafu mapya. Mimi nina watu wazima." Nikasema sikati. Wiki hiyo hiyo nafasi yangu akampa mwingine, kama alivyoahidi. Nilirudi kwenye watoto wangu wa piano. Kila Jumatatu nilimwandikia barua ile ile: nipe wanawake kumi na wawili kwa saa tatu. Jumatatu ya nane alichoka, akanipa.

Ukumbi ulikuwa na watu, tukapewa chumba cha kulia chakula. Nilipowaambia washikane mikono, mmoja alisema mara ya mwisho alifanya hivyo akiwa chekechea. Walicheka, na mimi nikacheka, kisha nikabandika mchoro wako ukutani. Saa ya kwanza walianguka kwenye kipimo cha ishirini. Saa ya pili hakuna aliyecheka. Saa ya tatu walifika mwisho, na nilipogeuka mwongozaji alikuwa mlangoni na kikombe chake. Sijui alisimama pale tangu lini. "Septemba," akasema. "Jumapili ya pili, alasiri." Akaenda zake.

Ilikuwa jana. Ulipofika ukurasa wa sitini na moja, alishusha kifimbo, akakunja mikono, akawaacha waimbe wenyewe. Mbele yangu alikaa bwana mmoja aliyekuwa anaikunja na kuikunjua karatasi ya programu tangu mwanzo. Kipimo cha thelathini na moja akaiacha. Kipimo cha thelathini na nne mwanamke mmoja alichelewa kurudi, nikasikia ukingo wa pengo, na mwenzake akauziba. Nadhani ni mimi peke yangu niliyesikia. Dakika nne na sekunde ishirini.

Makofi yalikuwa ya kawaida. Wawili walitoka mapema. Gazeti la leo limeniandika mistari mitatu na limekosea umri wangu. Lakini iliimbwa nzima, Chiriku. Nilikuwepo.

Okestra ya mji mwingine imeomba kuipiga Januari. Asubuhi hii nimepata ujumbe wao. Wanasema ni kazi nzuri sana, ila kwaya yao imeuona ukurasa wa sitini na moja na haiwezi, je, ninaweza kuufupisha? Nimekaa mezani kuwajibu.

Mama yako mdogo

30 Septemba

Shikamoo Mama mdogo,

Sote wazima. Barua yako niliisoma kwa sauti maabara, mbele ya wote, na hakuna aliyekaa. Mama ameichukua nakala, anasema ni ya kuweka, lakini nimemwona akiisoma dukani kwa mtu asiyemjua.

Hao wa Januari, nitumie orodha yao: wanawake wangapi, nani mrefu, nani mfupi, nani anasimama wapi. Waulize pia nani kati yao ana pumzi fupi kuliko wote. Wataona haya kumtaja, uliza tena. Huyo wasimtoe. Mpangilio wote nitauanzia kwake.

Penseli nimeshachonga.

Mwanao,
Chiriku