Ulisema Tuishi au Tuondoke?

Tata,

Kahawa imeiva, inadondoka, na hakuna anayeichuma. Mama amenikataza kwenda mwisho wa kibanja chetu cha migomba na mibuni peke yangu. Mimi binti yako mbishi, siku hizi namtii.

Sababu ni lile neno lako. Kiharusi kilipokunyang'anya Kihaya na Kiswahili, kikakuachia Kiingereza tu, tulicheka pale wodini Bukoba, Mungu atusamehe. Mwalimu mpaka kitandani! Kisha ukanishika mkono, mdomo umepinda, ukatamka maneno mawili ya mwisho. Mdogo wako alikuwa amesimama miguuni pako. Tulipokuzika tu, akawatangazia wazee wa ukoo kwamba umetuagiza "leave here", tuondoke, kibanja kibaki kwake. Mimi nasema ulisema "live here". Tuishi hapa.

Unakumbuka ulivyohangaika na maneno hayo? Darasa zima pale Ijumbi liliandika "I leave in Muleba", nawe ukauliza, "Kama mmeshaondoka, ninaowafundisha ni akina nani?" Nyumbani ukanivuta midomo kwa vidole: leave, vuta kama unatabasamu, live, katisha upesi. Mama akimenya ndizi, ukatueleza kwamba hapo kale leave haikuwa kuondoka. Ilikuwa kubakiza, kumwachia mtu kitu. Maana ya kuondoka ilikuja baadaye, kwa kuwa anayekwenda hubakiza kitu nyuma. Nikasema Waingereza wanapenda kusumbua watu. Ulicheka mpaka ukakohoa.

Sasa mdomo uliopinda utavutaje, utakatishaje? Hata mimi sina hakika, Tata. Mbele ya wazee naapa, lakini sina hakika.

Tangu matanga yaishe, milamula yetu, ile mimea ya kuonyesha mpaka, inang'olewa na kupandwa tena upande wetu wa ndani. Hatumwoni anayeifanya kazi hiyo. Ilianzia kwenye mibuni, sasa imefika karibu na kaburi lako. Mbwa wetu tumemkuta amekufa, povu mdomoni. Juzi Baba Mdogo alipita. Mama akampa kahawa ya kutafuna, akaikataa, wewe unajua maana ya mtu kukataa kahawa ya nyumba ya kaka yake: ameukana undugu. Akasema polepole, "Marehemu aliwaambia mwondoke. Marehemu hasemi mara mbili."

Naogopa. Labda uliona kitu usoni mwake ambacho mimi sikukiona, ukatuonya kweli.

Leo mchana, majirani wakitazama, nimeirudisha milamula yote mahali pake. Hakuna aliyenisaidia, na hakuna aliyenisalimu. Kesho nampeleka Mama kwa dada yake kule Maruku, kisha narudi. Amenisihi nisirudi. Kwa hilo sitamtii.

Pumzika, Tata. Nakuahidi nitaishi hapa. Na kama neno lilikuwa leave, basi mimi ndiye uliyenibakiza.

Ukiniona nimekuja huko mapema, usinisahihishe.

Koku wako